Gumzo la ukoo, Tanga: Twaha ana miezi minne na hataki kulala

*Jumamosi, saa 2 na robo usiku*

Mama Twaha: Asalam alaykum wanaukoo. Bibi, shikamoo. Shangazi, shikamoo. Naomba ushauri. Twaha katimiza miezi minne Jumatano. Alikuwa anaamka mara mbili usiku, sasa ni kila baada ya saa moja na nusu. Akishika ziwa ananyonya kidogo anaachia, anageuza shingo kutazama feni. Ngumi mdomoni mchana kutwa, udenda mpaka kifuani. Jirani kaniambia maziwa hayamtoshi, nianze uji.

Bi Mwanaidi: Marahaba mke mwenzangu. Wa alaykum salaam. Zamani tukiwapa uji wa ulezi, mwepesi, wanalala fofofo. Lakini namsubiri Zuhura maana nikisema mimi ataninunia.

Baba Twaha: 😂😂

Shangazi Zuhura: Marahaba wanangu. Mama sinuni, nauliza tu. Mkwe, nijibu matatu kabla hatujagusa sufuria. Nepi ngapi zimelowa tangu jana usiku kama saa hizi? Kadi inasema kilo ngapi alipozaliwa, mwezi wa tatu na sasa? Mkojo ni mweupe au wa njano iliyokolea?

Mama Twaha: Nepi saba. Kazaliwa 3.1, mwezi wa tatu 5.9, juzi kliniki 6.4. Mkojo mweupe.

Shangazi Zuhura: Basi maziwa yanamtosha. Nepi sita au zaidi kwa saa 24, mkojo usio na rangi kali, na mstari wa kadi unapanda. Kwa mwezi mmoja kaongeza gramu 500. Miezi mitatu ya mwanzo mtoto huongeza takriban gramu 20 hadi 30 kwa siku, halafu kasi inapungua hadi kama 15 hadi 20. Wengi hufikisha uzito wa kuzaliwa mara mbili karibu na miezi mitano, yeye kawahi. Kilio si mizani. Mizani ni ile ya kliniki.

Mama Twaha: Sasa mbona anaamka?

Shangazi Zuhura: Karibu na miezi minne usingizi unabadilika muundo. Usingizi wa mtoto mchanga una hatua mbili tu, mwepesi wa kutikisikatikisika na ule uliotulia. Wa miezi minne mizunguko yake inaanza kufanana na yetu, mzito kisha mwepesi, na kila mzunguko ukiisha anazinduka kidogo. Wewe ukizinduka unageuka upande wa pili. Yeye alilala ziwani, anazinduka yuko kitandani, anaita. Ziwa analitaka limrudishe usingizini, njaa haipo.

Tena umerudi kazini, siyo? Sheria inakupa siku 84 na zimekwisha. Mtoto anayeachwa mchana hulipiza usiku, kwa sababu mchana kwa kikombe hunywa kidogo. Hapo huna la kurekebisha kwa uji.

Mama Twaha: Ndiyo, nimerudi wiki ya tatu sasa. Namwachia maziwa niliyokamua.

Shangazi Zuhura: Vizuri. Sheria hiyohiyo inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha au kukamua ndani ya muda wa kazi, kwa hiyo dai. Maziwa ya nje ya friji, kwa joto la Tanga, yasizidi saa nne, na ukiweza yatumike mapema zaidi. Ndani ya friji, nyuma kabisa siyo mlangoni, siku nne. Yapashwe kwa kuweka kikombe kwenye bakuli la maji ya moto. Kuyachemsha hapana. Mlezi amnyweshe kwa kikombe kidogo, amkalishe wima, aguse mdomo wa chini kwa ukingo wa kikombe, amwache alambe mwenyewe. Akimimina, atapaliwa.

Na hilo la feni: miezi minne macho sasa yanaona mbali, kila kinachozunguka ni sinema. Mnyonyeshe kwenye chumba tulivu, taa hafifu, simu pembeni. Ziwa moja liishe kwanza ndipo umpe la pili. Yale ya mwisho ndiyo yenye mafuta mengi, akirukaruka anajaza tumbo kwa yale mepesi tu.

Salma (Muscat): Wifi, ongeza hili. Akianza kuguna usiku usimnyakue hapohapo. Hesabu kama dakika moja mbili. Mara nyingi miguno hiyo ni usingizi mwepesi, unamwamsha wewe.

Bi Mwanaidi: Na ngumi mdomoni? Hayo si meno?

Shangazi Zuhura: Mama, ngumi ni kwa sababu ndiyo kwanza kagundua ana mikono. Mate yanazalishwa mengi na bado hajui kuyameza. Jino la kwanza kwa wengi ni karibu na miezi sita, wengine mpaka mwaka upite. Kuota jino kunawasha fizi, kunamfanya awe na hasira kidogo. HAKULETI homa kali wala kuharisha. Mtoto akiharisha mnasema "ni meno", anakaukiwa maji nyumbani. Utosi ukibonyea, machozi hayatoki, nepi kavu kwa muda wa saa sita, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Mama Twaha: Kuna mtu kaniambia nimwangalie kama ana meno ya plastiki.

Shangazi Zuhura: Asiguse mtu fizi za huyo mtoto. Hakuna jino la plastiki wala la nailoni. Ule uvimbe mweupe pembeni mwa fizi ni kitumba cha jino la chonge, liko ndani linasubiri zamu yake. Wanaolichokonoa kwa kisu au spoki ya baiskeli wanamwachia mtoto damu, maambukizi, pepopunda, na baadaye chonge la ukubwani linaota limepinda au halioti kabisa. Kimeo nacho vivyo hivyo, hakikatwi kwa sababu ya kikohozi.

Bi Mwanaidi: Hilo la kimeo nakuunga mkono. Tumezika watoto kwa ajili hiyo.

Baba Twaha: Shangazi, kwa nini basi uji mwepesi usimpe nguvu kidogo tu? Hata vijiko viwili.

Ba'mdogo Shaaban: Hapa niachieni mimi, lishe ndiyo kazi yangu. Uji mwepesi ni maji yenye rangi. Tumbo lake dogo, vijiko viwili vya uji vinachukua nafasi ya maziwa yenye mafuta na protini. Akinyonya pungufu, ziwa nalo linapunguza kutengeneza, maana linafuata anavyonyonya. Baada ya wiki mbili maziwa yamepungua kweli, na jirani anasema "si nilikwambia?" Halafu maji na vyombo vinaleta kuharisha. Hata maji matupu hapewi, joto la Tanga au la Dodoma. Maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji.

Na mjaribu sasa muone: ukimwekea kijiko, ulimi unakisukuma nje. Anatimiza tu alichoumbiwa. Kusukuma huko kunafifia kati ya miezi minne na sita.

Mama Twaha: Kwa hiyo miezi sita kamili. Naanzaje?

Ba'mdogo Shaaban: Siku 180. Anza na vijiko viwili hadi vitatu vya chakula kwa mlo, mara mbili kwa siku, huku ananyonya kama kawaida. Polepole unafika nusu ya kikombe cha mililita 250, mara mbili hadi tatu. Kuanzia miezi tisa nusu kikombe hichohicho mara tatu hadi nne, na kitafunwa katikati kama kipande cha parachichi au ndizi mbivu.

Uzito wa uji ndio kila kitu. Chota kijiko, kiinamishe. Ukitiririka, urudishe motoni uongeze unga. Ukibaki kijikoni na kudondoka kwa donge, sawa.

Sasa unga wa lishe. Acheni ile michanganyiko ya nafaka saba. Mahindi, mtama, ulezi, mchele vyote kazi yao moja. Nafaka moja inatosha, sehemu tatu, na soya sehemu moja. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kumeng'enya protini, kwa hiyo usipeleke mashineni ilivyo. Ichague, itumbukize kwenye maji yanayochemka tayari, dakika 20 hadi 30, isugue maganda yatoke, anika mpaka ikauke kabisa, ndipo isagwe. Saga kidogo kidogo, wa wiki chache.

Karanga usizisage pamoja na nafaka. Mafuta yake yanachacha na mtoto atakataa uji bila ninyi kujua kwa nini. Zisage pembeni, kijiko kimoja kwenye sufuria. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu tupa. Sumukuvu haifi kwa kupika. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Baba Twaha: Na nyama? Si mpaka awe na meno?

Ba'mdogo Shaaban: Fizi zinasaga vizuri tu. Tena nyama isichelewe: madini ya chuma aliyozaliwa nayo yanapungua sana karibu na miezi sita, na uji hauyarudishi. Ini lililopondwa, yai lililoiva lote, dagaa. Dagaa uondoe kichwa na ule uchungu wa tumboni, wakaange wakavu bila mafuta, twanga, chekecha, kijiko kimoja kwenye mboga au uji. Chakula kipya kimoja, siku mbili tatu, kisha kingine, ili akitoka vipele ujue ni kipi. Chumvi na sukari asiwekewe. Asali mpaka apite mwaka, inaweza kubeba mbegu za vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mpaka ya kupumua.

Bi Mwanaidi: Na karanga nzima, kisamvu chenye vijiti, punje za makande, asipewe. Atapaliwa.

Shangazi Zuhura: Umesema kweli mama. Akikohoa na uso mwekundu, mwache akohoe, usitie kidole. Akinyamaza, midomo inageuka rangi, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano. Bado? Mgeuze chali, vidole viwili katikati ya kifua, bonyeza mara tano. Rudia huku mtu anatafuta gari.

Mama Twaha: Nimeandika yote. Wifi Salma, hajajigeuza bado. Mtoto wa mwenzangu kazini wa umri huohuo anabiringika.

Salma (Muscat): Shingo imekaza?

Mama Twaha: Ndiyo, haiyumbi nikimketisha.

Salma (Muscat): Basi usiwe na wasiwasi. Kujigeuza ni miezi minne mpaka sita. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa nchi tano, Muscat hapa ikiwa kituo kimoja, matokeo yakatoka 2006. Watoto wenye afya njema walikaa bila kushikiliwa kati ya miezi karibu minne na tisa. Kutambaa kwa magoti, mitano hadi kumi na tatu na nusu. Kutembea wenyewe, minane hadi kumi na saba na nusu! Na kama wanne katika kila mia hawakutambaa kabisa. Wengine wanasota kwa makalio, wakasimama dede, wakaondoka.

Cha kumfanyia ni tumbo. Akiwa macho, siyo mara tu baada ya kunyonya, mlaze kifudifudi mkekani. Kunja khanga iwe kama bomba, ipitishe chini ya kifua, mikono mbele yake, viwiko chini ya mabega. Lala nawe sakafuni umtazame usoni. Dakika tatu, tano, akichoka mgeuze. Kwa siku nzima zifike 30. Kulala usingizi, chali kila mara, bila mto.

Bi Mwanaidi: Na kumchua? Au nako mmekukataza?

Salma (Muscat): Kuchua ni kuzuri bibi, mafuta ya nazi baada ya kuoga, mkono mwepesi. Ila kumning'iniza kwa miguu, kumrusha, kumvuta mkono mmoja, hapana. Kiwiko kinachomoka. Na utosi usikandwe.

Bi Mwanaidi: Haya. Niambieni la mwisho. Swaumu wa Asha, miezi tisa, alikuwa wangu kabisa. Jana nimempokea, kilio kama nimemfinya. Wamemfundisha nini?

Shangazi Zuhura: Hawajamfundisha, amekua. Karibu na miezi minane tisa mtoto anajua kwamba mama akitoka bado yupo mahali, kwa hiyo anamtaka. Na sura anazitenga: za kila siku, na nyingine. Wewe ulikuwa Pangani mwezi mzima. Usimpokonye. Kaa karibu na mama yake, mpe kitu mkononi, usimtazame sana, dakika kumi atakuja mwenyewe. Cheza naye kibe kwa ncha ya khanga, ndiyo somo lenyewe hilo, kitu kikifichwa kinarudi. Na Asha asitoroke kwa mlango wa nyuma, aage.

Asha, kama unasoma: miezi tisa ni chanjo ya surua na rubela. Na asipobwabwaja "bababa, dadada" mpaka mwezi wa kumi, au asigeuke akiitwa, mlete tumpime masikio.

Asha: Nasoma shangazi. Anabwabwaja mpaka usiku. Jumatatu nakuja.

Baba Twaha: Sasa mimi nimeshanunua kile kigari cha kujifunzia kutembea, chenye magurudumu na muziki. Cha baadaye.

Salma (Muscat): Kaka! Kinachelewesha kutembea, maana anasukuma kwa vidole vya miguu na haoni nyayo zake. Na kinamfikisha kwenye ngazi na jiko kabla hujageuka. Kanada wamepiga marufuku kuviuza tangu 2004. Rudisha dukani.

Baba Twaha: Mwenye duka hapokei.

Bi Mwanaidi: Kilete kwangu, mume wangu. Ukitoa magurudumu nitawekea beseni la nguo.