Nina mashine 8 zimekaa tu, nitumie programu gani kuzifanya klasta?

mtu_wa_hesabu
Wakuu habari. Nimeachiwa mashine 8 zinazofanana, kila moja kori 16 na memori GB 64, swichi ni ya gigabiti 1 ya kawaida. Kazi yangu ni simulesheni za upepo kupita kwenye bawa kwa OpenFOAM, moja inakula usiku mzima. Nataka niziunganishe ziwe kompyuta moja ya kori 128, usiku mzima ugeuke lisaa limoja. Nimeona mwongozo wa Rocks, mwingine OpenHPC, mwingine xCAT, nimechanganyikiwa kabisa, nishike ipi? Iwe huria, hela ya leseni sina.

kernel_baba
Hapo kwenye "kompyuta moja ya kori 128" ngoja nikukatishe mapema. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayokupa hicho kitu. Mashine zinabaki 8, kila moja na Linux yake na memori yake, kinachozifanya zishirikiane ni MPI, yaani programu yenyewe inakata hesabu vipande afu vipande vinatumiana ujumbe kwenye waya. Bahati yako OpenFOAM inaijua MPI, ingekuwa haijui ungeweka hata mashine 100 ingefanya kazi moja, 99 zinaangalia.
Rocks achana nayo, ilikuwa nzuri sana enzi zake ila toleo la 7 ni la 2017, limejengwa juu ya CentOS 7 ambayo ilifikia mwisho Juni 2024.

bi_foleni
OpenHPC. Iko chini ya Linux Foundation tangu 2015, na si programu moja, ni ghala la vifurushi vilivyojaribiwa pamoja: Slurm ya kupanga foleni, Open MPI, Warewulf ya kuwasha nodi, yaani mashine za klasta. Warewulf ndo tamu yenyewe, unatengeneza taswira moja ya mfumo (nakala nzima ya Linux) kwenye mashine kiongozi, nodi zinawaka kwa PXE, yaani kwa waya wa mtandao badala ya diski, zinaivuta kupitia mtandao na kuikalisha kwenye memori. Nodi ikizingua unaizima unaiwasha, inarudi safi. Huzunguki na flashi mashine hadi mashine.

kernel_baba
Sikatai, ila mgeni akianza na Warewulf siku ya kwanza, kitu kikigoma hajui kama ni DHCP (inayogawa anwani za mtandao), taswira au Slurm. Aweke Linux ya Rocky au AlmaLinux kwa mkono kwenye mbili tu, afu NFS (folda moja inayoonekana na mashine zote), munge (nodi zinatambuana kwa ufunguo mmoja), Slurm. Munge ilinitesa siku mbili mimi, ufunguo nimenakili sawasawa kila nodi, inakataa tu, kumbe saa ya nodi moja ilikuwa nyuma dakika kumi. Kwa hiyo chrony, ya kulinganisha saa, kwanza. UID (namba za utambulisho) za watumiaji nazo zifanane kote. Na kwenye slurm.conf, faili la mipangilio ya Slurm, memori usiandike kwa kukisia, kernel (kiini cha Linux) haioni GB 64 zote kamili, ukizidisha Slurm inaiweka nodi pembeni inakaa drain, yaani haipewi kazi. Endesha slurmd -C kwenye nodi, itakutolea mstari wenyewe unakopi.

mtu_wa_hesabu
Na huo mtandao wa gigabiti 1 utatosha?

bi_foleni
Hapo ndo penye shughuli. Gigabiti 1 ni MB 125 kwa sekunde ukibahatika, lakini kinachouma zaidi ni muda wa ujumbe mdogo kufika, Ethernet ya hivyo ni makumi ya maikrosekunde, InfiniBand, mtandao wa kasi wa klasta, ni kama moja au mbili, na OpenFOAM kila hatua vipande vinasubiriana. Pima kori 16 kwenye nodi moja, afu 32 kwenye mbili, muda usipopungua basi ya tatu ni kuchoma umeme bure. Simulesheni zenyewe ngapi lakini?

mtu_wa_hesabu
Pembe 40 za bawa, kila pembe peke yake.

bi_foleni
Sasa si ungesema mwanzo!! Kila pembe ikae kwenye nodi yake, zinaenda 8 kwa mkupuo, usiku 5 umemaliza. Tuma zote 40 kwa amri moja ya Slurm, sbatch --array=1-40, MPI inabaki ndani ya mashine, waya hauna presha.

kernel_baba
Hapo nakubali. Ila matokeo yaandikwe kwenye diski ya nodi kwanza, yanakiliwe mwishoni, mashine 8 zikiandika kwenye NFS moja kwa pamoja utajuta.

mtu_wa_hesabu
Nimeanza na mbili, chrony sawa, munge imekubali. Nodi ya pili iko drain 😂 kwenye memori niliandika 65536. Naenda kuendesha hiyo slurmd -C