Kisu cha babu kimeganda kwa kutu, nikifufue vipi bila kukiharibu?

Mtu_wa_Isevya:
Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu. Nipo Tabora mjini. Babu mzaa baba alifariki mwaka jana, na mimi nikaachiwa kisu chake cha kukunja. Mpini ni wa mti, una alama za nyota na mwezi, na mgongoni kuna kipete cha chuma ambacho lazima ukivute ndipo kikunjike. Kimekaa kwenye begi la nguo masika yote, sasa kimeshika kutu na hakifunguki hata kwa koleo. Fundi wa kuchomelea anataka kukipitisha kwenye jiwe la umeme. Nimesita.

Babu alikuwa mtu wa nyuki, mizinga yake ya magome ilikuwa porini upande wa Sikonge. Mfukoni alitembea na kisu hiki, kiberiti ndani ya nailoni na sindano ya gunia iliyochomekwa kwenye gunzi. Basi. Kamba alichuna kwenye myombo palepale.

Nikiwa darasa la tano tulipata pancha njiani, ndoo mbili za asali zipo kwenye keria. Gundi hatuna, kiraka hatuna. Babu akachonga vijiti viwili, akabandua tairi navyo. Akaipitisha tyubu taratibu mbele ya midomo yake, akaniambia, "Mdomo unasikia upepo kuliko kidole." Alipolipata tundu, aliifinya sehemu ile hadi ikatokeza kama chunusi, akachana uzi mwembamba kutoka kipande cha tyubu kuukuu, akaufunga kwa kuzungusha na kukaza, kuzungusha na kukaza, kama mkunga anavyofunga kitovu. Tukapiga pampu. Gurudumu lilidunda kidogo kila lilipozunguka, lakini asali ilifika nyumbani.

Ndiyo maana sitaki kukosea. Nianzie wapi?

Karakana_Mstaafu:
Marahaba mjukuu, na pole kwa msiba. Usimpe huyo fundi. Nimefanya kazi karakana ya reli miaka mingi, najua jiwe la umeme linavyoua chuma chembamba. Makali yakipata moto hadi yakageuka rangi ya bluu, ugumu umeshatoka. Utanoa asubuhi, jioni butu.

Kwa maelezo yako hicho ni Okapi. Vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, na sisi tulikuwa mojawapo. Baadaye vikahamia Afrika Kusini. Chuma chake kinashika kutu upesi, ila kinanoleka vizuri mno, hata kwenye jiwe la mtoni.

Dondoshea mafuta ya taa kwenye kiungo tu, usiuloweshe mti. Kiache usiku kucha. Kesho kichezeshe kidogokidogo, usikilazimishe kwa koleo, utapinda pini. Kutu ya juu isugue kwa jivu laini na ndimu, kisha osha na ukaushe upesi, maana ndimu nayo inakula chuma. Sisi tulisugulia majani ya mti wa msasa kabla hatujaujua huu wa dukani.

Binti_Kibirizi:
Huku Kigoma babu yangu alikuwa mvuvi wa dagaa, na kisu chake alikipaka mawese. Yeye alikuwa na kingine zaidi: unyuzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, ameuchomeka kwenye ukingo wa kofia. Karabai ikianza kukohoa katikati ya ziwa, aliuchomoa, akazibua kile kitundu cha mafuta, taa ikawaka tena nyeupe. Bila taa dagaa hawaji, na usiku mzima wa watu wote chomboni umepotea. Jaribu mawese, kaka.

Karakana_Mstaafu:
Mwanangu, mawese kwa nje sawa, lakini kwenye kiungo yataganda na kushika vumbi. Humo weka mafuta ya cherehani, tone moja.

Mtu_wa_Isevya:
Mrejesho. Mzee, asante sana, kimefunguka siku ya pili! Makali yamebaki na madoa meusi lakini ni mazima, jana nimekatia muwa.

Ila ndani ya mfereji wa mpini nimekuta kitu cha manjano kimegandamana. Nilidhani uchafu, nikakikwangua kwa njiti, kikanukia asali. Nimemuuliza bibi. Anasema kila mwanzo wa masika babu alikuwa akipasha nta karibu na moto na kuipaka kisu chote, maji yasiingie. Mwaka jana masika yalimkuta kitandani.

Bonge la nta bado lipo kwenye kopo juu ya kabati. Bibi amesema nisilitoe mpaka yeye awepo, anionyeshe linavyopashwa.