Nyonga bandia ya marudio: mashine ya kuosha damu ina faida?

Hombolo: Wakuu, habari za kazi. Hapa Dodoma tuna mama wa miaka 67, nyonga bandia imelegea, tunabadilisha kikombe na shina (sehemu zake mbili, ya upande wa nyonga na ya ndani ya paja). Hb (wingi wa damu) 11, kundi O hasi. Ndugu wamekuja kuchangia damu, hakuna hata mmoja wa kundi hilo. Mashine ya kuosha damu ipo (si ile ya figo; hii inakusanya damu inayomwagika kwenye upasuaji, inaiosha na kumrudishia mgonjwa), ila seti ni ya mara moja na bei inauma. Nifungue?

Zuzu: Kwa O hasi, fungua, ila nusu. Funga mrija wa kunyonyea na ndoo ya kukusanyia tu. Bakuli la kuoshea libaki kwenye pakiti. Piga hesabu: bakuli la ml 225 likijaa kwa hematokriti (asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu) 55 lina ml 124 za chembe nyekundu. Kwa Hb 11 (hematokriti 33 hivi) hizo ni ml 375 za damu yake. Nyingine inapasuka au kunywewa na vitambaa, kwa hiyo mimi nasubiri ml 600 ndooni ndipo nifungue bakuli. Heparini (dawa ya kuzuia damu isigande) uniti 30,000 ndani ya lita 1 ya maji ya chumvi, ml 15 kwa kila ml 100 za damu. Lowesha ndoo kwanza kwa ml 150. Ukisahau, damu inaganda kwenye chujio na seti imekwenda. Mvuto usizidi mmHg 150, ncha izame kwenye damu: ikivuta na hewa, chembe zinapasuka. Vitambaa suuzeni kwenye maji ya chumvi, msivitupe.

Makulu: Kwanza, imelegea kwa nini? Kama kuna usaha, mashine ikae pembeni. Pima CRP na ESR (vipimo vya damu vya kuonyesha maambukizi), vuta maji ya kiungo yaoteshwe maabara. Pima na siko seli, hata kama umri umeenda. Chembe za mwenye siko seli hujikunja mashineni.

Zuzu: Kweli kabisa. Na saruji ikiwa bado laini, hamia kwenye mvuto wa kawaida (usioingia kwenye mashine) mpaka igande. Mkisafisha kidonda kwa iodini au haidrojeni peroksaidi, vilevile.

Hombolo: Asanteni. Je, bado niombe chupa za damu Damu Salama (benki ya damu ya taifa)?

Mazengo: Omba, mkuu. Mashine inarudisha chembe nyekundu tu. Plazma na chembe sahani zimemwagwa na maji machafu. Akivuja sana, damu haitaganda hata Hb ikiwa nzuri. Traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu) gramu 1 kwenye mshipa kabla ya kuchana. Mfuko wa damu iliyooshwa uandikwe jina na saa, uishe ndani ya saa 4, na usiukamue kwa mkanda wa presha, una hewa ndani. Halafu Hb 11 si ya kukimbilia meza: kama hakuna dharura, mpe madini chuma wiki kadhaa kwanza.