Naomba ushauri: Mzee anataka nakala ya fidia, jalada lina siri za wengine

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mtunza kumbukumbu katika ofisi moja ya umma hapa Lindi, niko masjala mwaka wa pili.

Wiki iliyopita alikuja mzee na barua ya maombi. Anataka nakala ya uthamini wa shamba lake la mikorosho lililochukuliwa zamani. Kalipa nauli kutoka kijijini, kasubiri kwenye benchi tangu asubuhi, shikamoo yangu kaipokea kwa upole. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inatupa siku 30 kumjibu, na kwangu hizo siku zinakimbia.

Jalada nimelipata, baada ya siku tatu za kupekua, maana lilitoka bila kuandikwa kwenye rejesta (hili linaniuma sana). Sasa jedwali la fidia lina majina ya wanakijiji wote, kiasi alicholipwa kila mmoja na namba za akaunti. Bosi anasema tumnyime tu, ni siri. Mimi naona mstari wake ni haki yake, ila ya wenzake yalindwe.

Mliopitia haya: mnatoa fotokopi kwa kuziba mistari ya wengine, au mnamwandikia dondoo iliyothibitishwa kwa muhuri? Na nani asaini? Kurasa mbili zimeliwa na mchwa, moja huenda ni yake. Hapo namjibuje kwa maandishi bila kumvunja moyo?