Jibu: Faji ya chokoleti imekuwa mchanga tangu nihamie Colorado

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za huko mliko.

Nilipokuwa Houston nilipika faji ya chokoleti, ile peremende laini ya sukari na maziwa inayokatwa vipande, kila Desemba bila tatizo lolote. Tangu tuhamie Aurora nimeipika mara mbili kwa vipimo vilevile na sufuria ileile, na mara zote mbili imetoka ngumu, inapasuka kisu kikiingia, na ukiitia mdomoni unatafuna chenga kama mchanga. Kipimajoto kinafika nyuzi 114 za Selsiasi, kama nilivyozoea. Shule ya mwanangu ina mnada wa kuchangisha fedha Ijumaa ijayo, nami nimeshaahidi vipande 36. Naomba anayejua ninapokosea anielekeze.

Kijana wenu, Aurora

---

Marahaba mwanangu.

Una makosa mawili, na kila moja lina chanzo chake, kwa hiyo ukirekebisha moja tu utarudi kulalamika.

Ugumu umeletwa na mwinuko. Houston iko karibu na usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 100. Huku kwetu tuko kiasi cha meta 1,600 juu, kanieneo ya hewa ni ndogo, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Faji asili yake ni shira, na joto la shira inayochemka hukuonyesha ni maji kiasi gani yamebaki ndani yake. Shira yako ikifika 114 hapa Aurora imeshakauka sawa na ambayo Houston ungeifikisha 119, na hapo umeshaipita faji unaelekea kwenye tofi. Tumbukiza kipimajoto katika maji yanayotokota, tazama kimesimama nyuzi ngapi chini ya 100, kisha punguza idadi hiyohiyo kwenye kipimo chako. Mimi huepua kwenye 108. Hata hivyo usikitegemee peke yake: dondoshea shira kidogo katika bakuli la maji baridi, uikusanye kwa vidole, na ikifanya kidonge laini kinachobonyea chenyewe ukikitoa majini, basi imeiva, uwe Aurora au uwe Mombasa.

Mchanga una habari nyingine, na nashuku unakoroga mapema. Aliyewahi kupika visheti anajua jinsi vinavyogeuzwageuzwa ndani ya shira hadi shira ikauke na kuvivika sukari nyeupe. Faji ni kazi hiyohiyo, ila tunataka chembe za sukari ziwe ndogo kiasi ambacho ulimi hauzitambui. Ukiikoroga ingali moto sana, huzaliwa chembe chache ambazo zinapata nafasi ya kunenepa. Ukiiacha ipoe hadi nyuzi 43 hivi bila kuigusa, kisha ukaipiga, huzaliwa nyingi mno kwa wakati mmoja na hakuna inayowahi kukua. Kuiacha maana yake ni kuiacha kweli: usiisogeze sufuria, usichovye kijiko kuonja, na mtoto asipite na kidole.

Kipimo changu ni vikombe viwili vya sukari, robo tatu ya kikombe cha maziwa yasiyopunguzwa mafuta, gramu 57 za chokoleti chungu isiyotiwa sukari, kijiko kimoja cha chai cha shira ya mahindi ile ya chupani, ambayo huzuia chembe kukua, na chumvi kidogo. Paka siagi kuta za sufuria nzito, koroga kwa moto wa wastani hadi sukari iyeyuke yote, halafu funika dakika mbili au tatu ili mvuke uoshe punje zilizoganda ukingoni, kwani punje moja ikianguka ndani inaweza kuigeuza sufuria nzima kuwa chenga. Ikishaepuliwa, weka juu yake vijiko viwili vya chakula vya siagi na kijiko cha chai cha vanila, bila kukoroga. Ikipoa, karibu saa nzima, ondoa kipimajoto uanze kupiga kwa mwiko wa mti hadi mng'ao uanze kufifia. Usiongeze kipimo mara mbili kwa sababu ya mnada. Pika mara mbili.

Wapo watakaokushauri uyeyushe chokoleti ndani ya maziwa mazito ya kopo, ukaitia kwenye friji. Ni tamu, sikatai, lakini ile ni chokoleti iliyoyeyuka ikaganda tena. Emelyn Hartridge, aliyesoma chuo cha Vassar, aliandika kwamba mwaka 1888 alipika ratili 30 za faji kwa ajili ya mnada wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na mapishi yanayonasibishwa na chuo hicho yana sukari, krimu, chokoleti na siagi tu. Kwa hiyo mnadani unaipeleka mahali pake hasa.

Hizo mbili zilizoharibika usizitupe. Zirudishe sufuriani na kikombe kimoja na nusu cha maji, ziyeyuke kabisa, kisha uzipike upya.

Mama yenu, Lakewood

---

Mama, shikamoo tena.

Kipimajoto changu kilisoma 94 katika maji yanayotokota, kwa hiyo niliepua kwenye 108 kama wewe. Nilianza kwa kuyeyusha upya zile zilizoharibika. Safari hii hakuna chenga hata moja, ila nilipoona mng'ao unafifia nikaenda kutafuta karatasi ya kutandika kwenye trei, na niliporudi faji ilikuwa imeshaganda sufuriani, mwiko umesimama wima katikati. Nimeichimbua kwa kisu. Ni laini, lakini sura yake haifai kupelekwa shuleni.

---

Hiyo kuleni nyumbani. Kesho tandika trei kabla hujashika mwiko.