Kazi ya msaidizi wa mtandaoni baada ya saa za ofisi: nianzie wapi?

MwanaWete
Assalaam alaykum wanajamvi. Nipo Wete, ofisini natoka saa 9:30 alasiri. Nataka kuwafanyia kazi kwa mbali wenye nyumba za wageni za Paje, Jambiani na Nungwi: kujibu wageni, kutazama kalenda, kuandika ankara. Kompyuta ninayo na Kiingereza nakimudu. Niwatoze vipi, na kitu gani huwaangusha wanaoanza?

Karafuu_Kavu
Waalaykum salaam. Usijitangaze kuwa unafanya kila kitu. Shika ujumbe na kalenda, maana ndivyo vinavyowakosesha usingizi wenye nyumba.

Nyumba iliyopo Airbnb na Booking.com, mitandao ya kuuzia vyumba, ina kalenda mbili. Watu huziunganisha kwa kiungo cha iCal, kinachopeleka tarehe za kalenda moja kwenye nyingine, wakadhani yamekwisha. Kiungo kile hakisomwi papo hapo, hupita muda kabla ya upande wa pili kupata habari. Chumba kimeuzwa huku, kule bado kinaonekana kitupu, anaingia mgeni wa pili na mmoja lazima umkatalie. Kwa hiyo taarifa ya chumba kuuzwa ikiingia tu, nenda upande wa pili ukazifunge tarehe zile kwa mkono. Dakika mbili.

Tarehe nazo mtihani. Mmarekani akiandika 06/07 anakusudia Juni 7, Muingereza anakusudia Julai 6. Jibu kwa jina la mwezi, kila mara.

Na saa ndiyo khasa. Mgeni anakwambia ndege inatua "8 pm", wewe unamwandikia dereva "saa 8". Dereva anakwenda uwanjani mchana, anarudi mtupu, usiku mgeni amesimama na mabegi yake peke yake. Mwandikie: "saa 2 usiku, 20:00".

Weka tayari majibu ya maswali yanayojirudia. Bima ya safari wataiuliza sana: tangu Oktoba 1, 2024 mgeni kutoka nje lazima akate ya Shirika la Bima Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima ya kwao.

Jahazi_Mkoani
Naongeza. Nywila ya mwenye nyumba usiipokee. Kwenye Airbnb mwenye nyumba akuweke mwenyeji mwenza (co-host), na kwenye Booking.com akufungulie jina lako la kuingilia, achague unachoruhusiwa kugusa. Ukitumia akaunti yake, namba ya uthibitisho inakwenda kwenye simu yake. Akiwa baharini hana mtandao, wewe umefungiwa nje, na ombi la kuweka nafasi Airbnb hufa baada ya saa 24. Namba ya kadi ya mgeni usiiombe kwa WhatsApp, na ujumbe wowote unaotaka "kuthibitisha kadi" kwa kiungo usiubonyeze, hata ukija na nembo unayoijua.

Bei ipige hesabu kabla hujaonana na mtu. Ukifanya kazi saa mbili kila siku, kwa siku 25 ni saa 50. Toa kama 10 za simu na kutafuta wateja, zinabaki 40. Ukitaka 300,000 kwa mwezi, ni 7,500 kwa saa, si 6,000. Bando litoke humo humo, basi panda kidogo. Kwenye makubaliano andika idadi ya vyumba na saa zako za kujibu, la sivyo utaamshwa saa 9 za usiku kwa habari ya taulo.

Jioni yako inafaa kwa wageni wa Ulaya: London ipo nyuma yetu saa 3 majira ya baridi, saa 2 majira ya joto. Tatizo lako ni asubuhi ukiwa ofisini. Kubalianeni mapema kuwa mpaka saa 10 alasiri anajibu mtu wa mapokezi, na usijibu kwa kujiiba mezani kwa mwajiri.

TIN, yaani namba ya mlipakodi, chukua TRA; jina la biashara sajili BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar.

MwanaWete
Ahsanteni sana. Na umeme ukikatika?

Karafuu_Kavu
Tafuta UPS ndogo, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, ya rauta, kile kifaa cha intaneti. Kwanza soma maandishi ya adapta: kama ni 12V, UPS itoe 12V. Rauta ya 9V ukiitia 12V unaweza kuiunguza. Simuni weka laini ya mtandao mwingine, maana mnara nao huzimika. Kisha jaribu siku ambayo huna mgeni: chomoa plagi, kaa nusu saa, uone kama ujumbe bado unatoka.