Mjadala: Je, siasa za Visiwani zipandishwe jukwaani?

Maalim wa Mkunazini

Assalaam aleikum. Mwezi wa Aprili 2025, nchini Kenya, wanafunzi wa skuli ya wasichana ya Butere walikwenda Nakuru kwenye tamasha la michezo ya kuigiza wakiwa na mchezo wa *Echoes of War*, ulioandikwa na Cleophas Malala. Mahakama Kuu ilikwishaamuru waruhusiwe, lakini mwandishi wao alikamatwa, nje polisi wakarusha mabomu ya machozi, na wasichana wale wakaimba wimbo wa taifa kisha wakaondoka bila ya kuigiza. Si mara ya kwanza, kwani mwaka 2013 mchezo mwingine wa mwandishi huyo huyo, wa skuli hiyo hiyo, ulipigwa marufuku mpaka mahakama ikaingilia kati.

Swali langu ni la kwetu. Tumepitia uchaguzi wa 1995 na wa 2000, mauaji ya Januari 2001, kura ya maoni ya Julai 2010 juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, kufutwa kwa matokeo ya uchaguzi Oktoba 2015 na marudio yake ya Machi 2016. Katika umri wangu wote sijapata kukaa ukumbini hapa Unguja nikaona mchezo unaosimamisha pande zetu mbili, wa chama tawala na wa upinzani, mbele ya watu wa pande zote mbili, kila upande ukapewa maneno yake ya haki. Je, hatulihitaji jukwaa la namna hiyo?

Mkaazi wa Shangani

Waaleikum salaam, Maalim. Nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe. Siasa zetu tayari zina mahali pake, napo ni barazani. Nenda Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe, saa yoyote ya jioni utakuta kahawa na hoja, na mtu akikosea atarekebishwa hapo hapo na mzee aliyekaa pembeni. Mchezo wa kuigiza haurekebishwi, kwa sababu mwandishi amekwisha kuamua nani ashinde kabla ya mtazamaji hajaingia. Isitoshe, jeraha bado bichi, na waandishi wa namna hii huishia pabaya: Ngũgĩ, yule mwandishi wa Kenya, alifungwa kwa sababu ya riwaya tu, seuze mtu anayeyatamka maneno hayo hadharani. Tena tuseme ukweli, watu wetu hawana mazoea ya jukwaa. Mjini tuna taarab, na huko Pemba wana ngoma na mchezo wa ng'ombe, basi.

Binti wa Wete

“Ngoma na mchezo wa ng'ombe, basi.” Ndugu yangu wa Shangani, neno hilo la “basi” limenichoma, na nitalijibu kabla ya jambo jingine lolote. Umepata kukisikia kibati kikichezwa, ile ngoma yetu ya Pemba? Watu husimama na ngoma zao, mmoja akatunga papo kwa papo, kwa kasi ambayo mgeni hawezi kuifuata, mwenziwe akamjibu hapo hapo kabla kiitikio hakijaisha, na maneno yanayopita baina yao ni ya bei ya karafuu, ya ndoa, ya ukubwa na uonevu. Ikiwa hayo si mazungumzo ya jukwaani, basi nieleze mazungumzo ya jukwaani ni nini.

Na kwa kuwa umeitaja Pemba, nikuulize jambo jengine. Katika vichekesho vingi ninavyoviona kutoka Unguja, Mpemba huletwa ili lafudhi yake ichekwe, kisha huondoka bila ya kuwa na hoja. Hiyo nayo ni siasa, tena iko jukwaani siku nyingi, na hakuna aliyesema jeraha ni bichi. Mwaka 2001 watu wetu walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya, kwa khofu. Wapi mmepata kumwona Mpemba huyo, wa mashuani, akiigizwa kwa heshima?

Maalim wa Mkunazini

Nataka kumsahihisha Mkaazi wa Shangani juu ya Ngũgĩ wa Thiong'o, kwa sababu kosa lake linaibeba hoja yangu. Mwaka 1977 Ngũgĩ alitoa riwaya kwa Kiingereza, kali mno juu ya watawala, na waziri wa serikali mwenyewe akaizindua. Mwaka huo huo, pamoja na Ngũgĩ wa Mirii, aliandika mchezo wa *Ngaahika Ndeenda* kwa Kikuyu, ukachezwa na wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, katika uwanja walioujenga kwa mikono yao. Mchezo ukazuiwa, na mwisho wa Disemba akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila ya kushitakiwa. Mwaka 1982 uwanja wenyewe ukabomolewa. Riwaya ilisomwa na waliojua Kiingereza, mmoja mmoja, chumbani. Mchezo ulisikiwa na watu waliokaa bega kwa bega, kwa lugha waliyonyonya, na wale waliokuwa wakisimuliwa ndio waliokuwa wakisema.

Kijana wa Makunduchi

Samahani wakubwa zangu, lakini mbona Mwaka Kogwa umesahauliwa? Kwetu kila mwaka watu wa kaskazini na wa kusini wa mji hupigana kwa migomba mbele ya kila mtu, wanawake wakiimba na kupita wamevaa nguo zao nzuri kabisa, kibanda kikachomwa moto, na baada ya hapo watu hula pamoja. Pande mbili zinagombana hadharani kwa kanuni, kisha zinaanza mwaka. Sijui Maalim anatafuta mchezo gani mwingine wa pande mbili.

Halafu kuna yule Mbrazili, Augusto Boal, ambaye tulisoma habari zake chuoni. Katika mchezo wake mtazamaji huruhusiwa kusema “simama”, akapanda, akachukua nafasi ya mwigizaji na kuujaribu uamuzi mwingine. Alipochaguliwa kuwa diwani Rio de Janeiro mwaka 1992 aliitumia michezo hiyo kukusanya mapendekezo ya wananchi, na sheria kumi na tatu zikapitishwa. Kwa hiyo si kweli kwamba mchezo haurekebishwi.

Mkaazi wa Shangani

Bibie wa Wete, kama neno langu limekuumiza naomba radhi, kwani mama yangu mzazi ametokea Chake Chake na sikukusudia kuidharau Pemba. Hata hivyo siwezi kukubali kila kinachochezwa kiitwe tamthilia. Migomba ya Makunduchi ni mila, na kibati ni ngoma ya majibizano. Tamthilia ni kazi iliyoandikwa, yenye wahusika na mgogoro, ambayo mtu anaweza kuichukua leo akaipima. Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari mwenzetu, alipoandika *Kivuli Kinaishi*, iliyochapishwa mwaka 1990, aliichukua Giningi, mji wa wachawi wa hadithi za bibi zetu, akaifanya nchi ya Bi. Kirembwe, ambamo raia hulishwa unga wa ndere ili wasifikiri. Hakumtaja mtawala yeyote, na kila msomaji alimtambua wake. Hiyo ndiyo kazi, na naikubali. Ninachokipinga ni kuyapandisha majina yetu na misiba yetu wazi wazi.

Binti wa Wete

Radhi nimeipokea, na mama yako unisalimie. Lakini mgawanyo wako unanisumbua. Kwa nini kilichoandikwa ndicho kinachostahili jina? Tazama yaliyotokea Nakuru. Kwa kuwa mchezo ule ulikuwa na muswada, ulisomwa mapema na waliotaka kuuzuia. Kibati hakina muswada. Ofisa atakaa asome nini, ikiwa mtungaji mwenyewe hajui atakachojibu mpaka asikie alichoambiwa? Na hapo pana jambo ambalo Maalim analitafuta: mwandishi wa tamthilia, hata akiwa mwadilifu kiasi gani, anamsemea mpinzani wake. Katika kibati mpinzani yupo, amesimama, na ana kinywa.

Maalim wa Mkunazini

Binti yangu, umenifundisha, na nalisema hili mbele ya watu. Nilikuja kuuliza juu ya kumbi za mjini, na sasa nafikiri nilianzia mlango usio wenyewe. Lakini nina shaka moja ambayo siwezi kuiacha. Giningi ya mwaka 1990 ipo kabatini kwangu, na mjukuu wangu ataisoma nitakapokuwa kaburini. Kibati kilichochezwa Pemba mwaka huo huo, chenye maneno makali kuliko hayo pengine, nani anakikumbuka?

Binti wa Wete

Mama yangu anakikumbuka, Maalim, pamoja na majibu. Nitakaa naye Ijumaa baada ya sala, na kalamu nitaichukua.